Kushuka kwa Mgandamizo katika Injini ya Petroli: Kutoka Dalili hadi Kisababishi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kubaini kisababishi cha kushuka kwa mgandamizo katika injini ya petroli, kwa kutumia injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE kama mfano rejelezi. Hoja kuu ni kwamba namba inayosomwa kwenye geji ni dalili, si hukumu. Namba moja inaweza kuletwa na ringi zilizochakaa, valvu isiyofunga, gasketi iliyoungua, mnyororo uliohama, pistoni iliyotoboka, au upimaji wenyewe uliofanyika vibaya. Na tiba za sababu hizo zinatofautiana sana kwa gharama. Kwa hiyo, makala yanaeleza mfuatano wa majaribio ambao kila hatua yake huondoa baadhi ya sababu, mpaka ibaki moja inayoweza kutetewa kwa ushahidi. Aidha, makala yanaonesha kuwa mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa, unatosha peke yake kuifanya injini nzima ionekane mbovu.

1.0 Utangulizi

Mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo ya uzamivu, mwandishi wa makala haya alipeleka gari la familia, Toyota Probox, katika gereji moja jijini Mbeya. Gari lilikuwa limepoteza nguvu; kilima lililokuwa likikipanda kwa gia ya tatu sasa lilikipanda kwa gia ya kwanza, na kwa shida. Fundi alichomoa plagi, akapima silinda zote nne, akapata kati ya kilopaskali 950 na 970. Akalinganisha na kiwango cha chini kinachokubaliwa na mtengenezaji, yaani kilopaskali 1,079, na papo hapo akatoa uamuzi: ringi zimekwisha, injini ibadilishwe.

Injini ikabadilishwa. Iliyofungwa ilikuwa imetumika, lakini ilisemwa kuwa nzima. Gari lilipowashwa, nguvu haikurudi. Injini hiyo ya pili ilipopimwa kwa geji ileile, ilisoma takriban kilopaskali 1,010, nayo pia ikawa chini ya kiwango. Siku chache baadaye fundi mwingine alifungua bomba la moshi, akakuta masega ya kusafishia moshi yameyeyuka na kuziba njia. Bomba hilo lilikuwa limehamishwa kutoka injini ya kwanza kwenda ya pili bila kukaguliwa. Injini ya kwanza ilikwisha kuuzwa kama chuma chakavu, na akiba ya familia ilikwenda nayo.

Fundi wa kwanza hakudanganya. Alipima, akaandika, akalinganisha na kitabu. Kosa lake lilikuwa kuruka kutoka kipimo hadi kisababishi bila kupita katikati. Makala haya yanahusu hapo katikati.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Katika mazungumzo ya gereji, neno kompresheni hubeba maana tatu ambazo ni muhimu zitenganishwe. Maana ya kwanza ni tendo. Injini ya gari dogo la petroli hufanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa na mafuta, kugandamiza, kuwaka, na kutoa moshi. Mgandamizo kwa maana hii ni hatua ya pili, ambapo pistoni hupanda huku valvu zikiwa zimefungwa.

Maana ya pili ni uwiano wa mgandamizo, yaani ulinganifu kati ya nafasi iliyomo ndani ya silinda pistoni ikiwa chini na nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Injini ya 1NZ-FE ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,497 kwa silinda nne, sawa na takriban 374 kwa kila silinda. Uwiano wake ni 10.5 kwa 1. Kwa hesabu hiyo, nafasi inayobaki juu ya pistoni, yaani chumba cha mwako, ni takriban sentimita za ujazo 39. Uwiano ni sifa ya umbo la chuma. Haubadiliki kwa sababu valvu inavuja.

Maana ya tatu ni shinikizo la mgandamizo, yaani nguvu ya hewa iliyobanwa kama inavyosomwa kwenye geji iliyofungwa mahali pa plagi. Hili ndilo linaloshuka. Fundi anaposema kwamba kompresheni imeshuka, anachotoa ni taarifa ya shinikizo. Anaposema kwamba ringi zimekwisha, anatoa hitimisho kuhusu chuma. Sentensi ya kwanza inathibitishwa na geji peke yake. Ya pili inahitaji ushahidi mwingine. Pale ambapo sentensi hizo mbili husemwa kana kwamba ni moja, mwenye gari hulipia hitimisho akidhani analipia kipimo.

Kuna jambo jingine la kueleza kuhusu shinikizo hili. Kiwango cha kawaida cha 1NZ-FE ni kilopaskali 1,471, sawa na paundi 213 kwa inchi ya mraba. Kama hewa ingegandamizwa mara 10.5 bila kupata joto, geji isingefika hata kilopaskali 1,000. Inazidi hapo kwa sababu hewa inayobanwa kwa haraka hupata joto, na joto hilo huongeza shinikizo. Kwa hiyo kila kinachopunguza kasi ya pistoni hushusha pia kipimo: joto hupata muda wa kuingia katika kuta za silinda, na hewa hupata muda wa kupenya katika nyufa ndogo ambazo hazikosekani hata katika injini nzima.

3.0 Masharti ya Upimaji

Kutokana na maelezo hayo, upimaji una masharti ambayo yakivunjwa, namba inayopatikana haielezi hali ya injini bali hali ya upimaji. Sharti la kwanza ni joto. Injini inapaswa kuwa imefikia joto la kazi, kwa kuwa pistoni na ringi hutanuka na kukaa mahali pake, na oili hupata wepesi wake wa kawaida.

Sharti la pili ni kasi. Betri iwe imejaa chaji, na stata iweze kuzungusha injini angalau mara 250 kwa dakika. Plagi zote nne zichomolewe, si moja moja, ili stata isipambane na silinda ambazo hazipimwi. Sharti la tatu ni hewa. Kilango cha hewa, kile kinachotii pedali ya mafuta, kifunguliwe chote wakati wa kupima. Kikiachwa kimefungwa, silinda huvuta hewa chache na hivyo huwa na hewa chache ya kubana.

Sharti la nne ni usalama. Waya za koili na za nozeli za mafuta zichomolewe ili pasiwe na cheche wala mvuke wa petroli unaorushwa kupitia matundu ya plagi. Baada ya hapo injini huzungushwa mpaka mshale wa geji uache kupanda, kwa kawaida baada ya migandamizo mitano au sita, na kila silinda hupewa idadi ileile ya migandamizo. Ni vyema kurudia kila kipimo mara ya pili. Vipimo viwili vya silinda moja vikitofautiana sana, wa kutiliwa shaka kwanza ni mpira wa geji.

Mpimaji makini huandika namba mbili kwa kila silinda: ya mgandamizo wa kwanza na ya mwisho. Silinda yenye ringi dhaifu huanza chini kisha hupanda hatua kwa hatua. Silinda yenye valvu inayovuja huanza chini na huelekea kubaki chini. Hiki ni kidokezo tu, lakini hupatikana bila gharama ya ziada.

4.0 Mwinuko wa Mahali na Usomaji wa Kiwango

Kwa injini ya 1NZ-FE, mtengenezaji hutoa vigezo vitatu: kawaida kilopaskali 1,471, kiwango cha chini 1,079, na tofauti kati ya silinda na silinda isiyozidi 98. Vigezo viwili vya kwanza huchukuliwa hapa kuwa ni vya hewa ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la angahewa ni takriban kilopaskali 101. Dar es Salaam, Mombasa na Tanga ziko huko. Mbeya haiko huko.

Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko katika mwinuko unaokaribiana na huo. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 shinikizo la angahewa ni takriban kilopaskali 82.5, yaani karibu asilimia 81 ya lile la pwani. Silinda inayovuta hewa hiyo huanza na malighafi pungufu, na kwa kuwa uwiano wa mgandamizo haubadiliki, humaliza na shinikizo pungufu kwa kadiri ileile. Ili kulinganisha, tunaongeza shinikizo la angahewa la mahali juu ya kipimo cha geji, tunagawanya kwa 0.814, kisha tunatoa shinikizo la angahewa la pwani.

Tukiifanyia hesabu hii injini iliyouzwa kama chuma chakavu, matokeo ni haya: 960 kuongeza 82.5 ni 1,042.5, ukigawanya kwa 0.814 unapata takriban 1,281. Ukitoa 101 unabaki na takriban 1,180. Hii maana yake ni kwamba injini ileile ikipimwa Dar es Salaam ingesoma karibu kilopaskali 1,180, ambayo ni juu ya kiwango cha chini kwa zaidi ya kilopaskali 90. Ilikuwa imechakaa kiasi, kama inavyotarajiwa kwa gari lililotembea, lakini haikuwa imefika mwisho. Kwa njia hiyohiyo, injini mpya kabisa yenye kilopaskali 1,471 pwani ingesoma takriban 1,200 tu jijini Mbeya, na kiwango cha chini cha 1,079 kingekuwa takriban 880.

Kigezo cha tatu ndicho kinachovumilia safari vizuri zaidi. Mwinuko hupunguza vipimo vya silinda zote kwa pamoja. Hauwezi kuchagua silinda ya tatu na kuziacha nyingine. Kwa hiyo, katika miji ya nyanda za juu, tofauti kati ya silinda ni ushahidi mzito kuliko namba yenyewe.

5.0 Kusoma Mpangilio wa Vipimo

Baada ya kupata namba nne za kuaminika, swali linalofuata si ndogo kiasi gani, bali zimepangika vipi. Mipangilio mitatu hujitokeza.

Mpangilio wa kwanza ni silinda zote kuwa chini kwa kiasi kinachokaribiana. Hapa sababu za kuchunguzwa kwanza ni zile zinazogusa silinda zote kwa wakati mmoja: betri dhaifu, kilango cha hewa kilichofungwa, mwinuko, geji mbovu, au mnyororo unaounganisha krankishafti na kamshafti kuwa umeruka meno. Mnyororo ukiruka na kuchelewesha kufunga kwa valvu za kuingizia hewa, sehemu ya hewa hurudishwa nje kabla haijabanwa. Uchakavu wa jumla wa ringi nao umo katika orodha hii, lakini haustahili kuwa wa kwanza kwa sababu tu ndio uliozoeleka.

Mpangilio wa pili ni silinda mbili zinazopakana kuwa chini huku nyingine mbili zikiwa nzima. Sababu inayoongoza ni gasketi ya silinda hedi kuungua katika ukuta mwembamba unaozitenganisha silinda hizo, au hedi yenyewe kupinda baada ya gari kuchemsha. Uchakavu hauna kawaida ya kuchagua majirani wawili na kuwaacha wengine.

Mpangilio wa tatu ni silinda moja kuwa chini. Hapa sababu zinaweza kuwa valvu iliyoungua au isiyofunga, ringi iliyovunjika au kuganda kwa kaboni, pistoni iliyotoboka, au gasketi iliyofungua njia kuelekea kwenye maji ya kupoozea injini. Mpangilio peke yake hauwezi kuzitenganisha sababu hizi. Majaribio mawili yanayofuata yanaweza.

6.0 Jaribio la Oili na Mipaka Yake

Jaribio la kwanza ni la oili. Kiasi kidogo cha oili ya injini humiminwa kupitia tundu la plagi, injini huzungushwa kidogo ili oili isambae, kisha silinda hupimwa upya. Mantiki yake ni nyepesi: oili huziba kwa muda upenyo uliopo kati ya ringi na ukuta wa silinda, lakini haiwezi kuziba valvu zilizoko juu wala gasketi. Shinikizo likipanda sana, lawama huelekea kwenye ringi na ukuta wa silinda. Lisipopanda, lawama huelekea kwingine.

Jaribio hili lina mtego ambao haujulikani vya kutosha. Oili haibanwi kama hewa. Inapokaa juu ya pistoni hupunguza nafasi ya chumba cha mwako. Katika 1NZ-FE, nafasi hiyo ni sentimita za ujazo 39 tu. Mililita 5 za oili, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, huipunguza kuwa 34 na kupandisha uwiano wa mgandamizo kutoka 10.5 hadi takriban 12. Mililita 10 huupandisha hadi karibu 14. Mililita 20 huufikisha takriban 20. Ni kweli kwamba sehemu ya oili hutelemka kando ya pistoni, lakini inayobaki inatosha kupandisha kipimo hata katika silinda isiyo na kasoro yoyote. Fundi anayemimina oili kwa kukadiria kwa jicho, tena kwa ukarimu, atazikuta ringi na hatia katika kila injini atakayoigusa.

Kutokana na hilo, mambo mawili yanapaswa kuzingatiwa. Kwanza, oili ipimwe kwa kijiko cha chai au bomba la sindano, na silinda zote zipewe kiasi kilekile. Pili, kigezo kisiwe kupanda kwa kipimo, bali kupanda zaidi kuliko katika silinda zilizo nzima. Silinda inayopanda sawa na jirani zake haijashuhudia chochote kuhusu ringi.

Upo mtego wa pili. Gari lililozungushwa stata mara nyingi bila kuwaka huingiza petroli ndani ya silinda, na petroli husafisha utando wa oili uliokuwa ukisaidia ringi kuziba. Gari kama hilo hupimwa likawa chini, hutiwa oili likapanda, na ringi zikalaumiwa ilhali ni nzima. Dawa yake ni kuliwasha, kuliacha lipate joto, kubadilisha oili iliyochanganyika na petroli, na kupima upya.

7.0 Jaribio la Hewa

Jaribio la pili ndilo lenye nguvu zaidi, na vifaa vyake karibu vyote vipo katika gereji nyingi, kwa kuwa ni kompresa ya kujazia upepo wa matairi na mpira wenye nati inayoingia mahali pa plagi. Pistoni ya silinda inayochunguzwa huletwa kwenye kilele cha hatua ya mgandamizo, ambapo valvu zote zimefungwa. Hewa huingizwa kidogo kidogo, kisha mpimaji husikiliza inatokea wapi. Tahadhari ni kwamba pistoni isipokuwa kileleni hasa, hewa huisukuma na kuizungusha injini. Kwa sababu hiyo spana isiachwe kwenye krankishafti, wala mikono isiwe karibu na mkanda na feni. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe tu injini ikiwa imepoa kiasi cha kutounguza.

Hewa ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingizia haifungi. Ikisikika mwishoni mwa bomba la moshi, ni valvu ya kutolea moshi. Ikitoka kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili, inapita kando ya ringi au katika tundu la pistoni. Ieleweke tu kwamba kiasi kidogo cha hewa hupita hapo hata katika injini nzima, hivyo silinda zilinganishwe. Mapovu yakionekana kwenye rejeta, gasketi imevuja au hedi ina ufa. Hewa ikitoka kwenye tundu la plagi la silinda jirani, gasketi imeungua kati ya silinda hizo mbili.

Lipo jibu la sita, ambalo ni ukimya. Silinda zote zikiwa na shinikizo la chini lakini hewa ikibaki ndani bila kuvuja kupita kawaida, basi hakuna tundu la kuzibwa. Tatizo liko katika wakati wa kufunga valvu, katika kiasi cha hewa iliyoingia, au katika upimaji. Hapo ndipo alama za mnyororo hukaguliwa, na masharti ya sehemu ya tatu na ya nne hurudiwa. Ukimya wa aina hiyo, kama ungesikilizwa Mbeya, ungeokoa injini.

8.0 Kuunganisha Ushahidi: Mfano wa Kufikirika

Ili kuonesha namna hatua hizi zinavyoshikana, tuchukue mfano wa kufikirika wa injini ya 1NZ-FE iliyopimwa Dar es Salaam. Gari linatetemeka likiwa limesimama na limepoteza nguvu. Vipimo ni kilopaskali 1,380 kwa silinda ya kwanza, 1,360 ya pili, 890 ya tatu na 1,370 ya nne. Betri, joto na kilango cha hewa vimethibitishwa. Silinda ya tatu iko chini ya kiwango na inatofautiana na jirani zake kwa zaidi ya kilopaskali 460, ilhali kinachoruhusiwa ni 98.

Kijiko kimoja cha chai cha oili kinatiwa katika kila silinda. Vipimo vinakuwa 1,470, 1,450, 980 na 1,460. Anayetazama silinda ya tatu peke yake ataona imepanda kwa 90 na huenda akazitaja ringi. Anayetazama zote nne ataona kwamba kila moja imepanda kwa 90. Ringi za silinda ya tatu hazijajitofautisha na za silinda nzima. Zinaweza kuwekwa kando.

Hewa inaingizwa katika silinda ya tatu, na sauti inatoka mwishoni mwa bomba la moshi. Uchunguzi sasa umebaki kwenye valvu za kutolea moshi za silinda moja. Hata hapa si lazima hedi ing'olewe mara moja. Kifuniko cha juu kinafunguliwa injini ikiwa baridi, na nafasi ya valvu inapimwa kwa fila geji. Kwa injini hii, nafasi ya valvu za kutolea moshi inapaswa kuwa kati ya milimita 0.25 na 0.35, na ya valvu za kuingizia kati ya 0.15 na 0.25. Tuseme moja ya valvu za kutolea moshi haiachi nafasi kabisa. Valvu hiyo imezama katika kikao chake kidogo kidogo, nafasi ikaisha, na sasa kamu haiiruhusu kufunga inapopata joto.

Kinachofuata ni kubadilisha kikombe cha valvu hiyo kwa kingine chembamba zaidi ili nafasi irudi, kisha kupima upya. Shinikizo likirudi, kazi imekwisha. Lisiporudi, uso wa valvu umekwisha kuungua, na hapo hedi hung'olewa kwa sababu inayojulikana, kwa ajili ya silinda inayojulikana. Katika hali zote mbili, bloku, pistoni na ringi zinabaki mahali pake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa ubainishaji wa kushuka kwa mgandamizo ni kazi ya kuondoa sababu moja baada ya nyingine kwa ushahidi, na kwamba mpangilio wa hatua una maana. Masharti ya upimaji hutangulia kwa sababu bila hayo namba haina thamani. Mwinuko wa mahali hufuata kwa sababu kitabu hakijui gari liko wapi. Mpangilio wa vipimo huelekeza, oili hutenganisha ringi na valvu, na hewa huonesha mlango wa uvujaji.

Kwa upande wa lugha, makala yanapendekeza kwamba katika ufundishaji wa ufundi magari kwa Kiswahili, istilahi za tendo la mgandamizo, uwiano wa mgandamizo na shinikizo la mgandamizo zitenganishwe tangu somo la kwanza. Vilevile, fundi azoezwe kuandika taarifa yake katika safu mbili: alichopima na anachohitimisha. Pendekezo hili halihitaji kifaa kipya. Linahitaji karatasi, ambayo mwenye gari ana haki ya kuiona kabla ya kukubali kulipa. Kama karatasi ya namna hiyo ingekuwepo siku ile jijini Mbeya, safu ya kwanza ingekuwa na namba nne sahihi, na safu ya pili ingekuwa bado tupu.